Flopi Haikuwa Yetu

Wasomi wa rika langu, tuliovuka miaka arobaini, siku hizi wanaililia flopi: kile kibapa cha megabaiti 1.44 kisichotosha hata picha moja ya simu ya leo. Wanazisimulia kompyuta za nyumbani za miaka ya 1980 kana kwamba zilikuwa sebuleni mwao. Nauliza: nyumbani kwa nani? Mimi flopi niliishika mara ya kwanza nikiwa chuo kikuu.

Mwaka 1974 Serikali yetu ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta na televisheni. Haikuwa amri isiyo na hoja: fedha za kigeni zilikuwa haba, na kompyuta iliyofungwa Wizara ya Fedha miaka ya 1960 ilikuwa imeleta hasara. Lakini mwaka 1982, mtoto wa Uingereza alipoanza kuandika programu kwenye ZX Spectrum, mwenzake wa Chidya, katika shule kongwe iliyoanzishwa na wamisionari wa Kianglikana, alikuwa na ubao na chaki. Hakupungukiwa akili, alinyimwa chombo.

Kwa hiyo majonzi haya nayapinga. Yanaazima utoto wa wengine na kuufunika wetu. Kumbukumbu yetu halali ni ile marufuku. Leo haimo tena katika sheria. Imehamia katika bajeti. Bado yupo mwanafunzi wa kijijini anayefundishwa kompyuta ubaoni, akiichora kibodi daftarini. Mwenye machozi ya flopi na aanze kumlilia huyo, kisha amdai mbunge wake maabara.