Nani Aihukumu Picha ya Lipingo?

Mtu apelekaye picha yake katika mashindano yenye mada maalumu aghalabu hupata jibu moja kati ya mawili. Akiwaonyesha rafiki zake kabla ya kuipeleka, huambiwa kwamba ni nzuri sana. Akiipeleka na isishinde, hupewa shukrani kwa kushiriki, au haambiwi neno. La kwanza ni sifa, la pili ni kimya, na hakuna hata moja lililo uhakiki. Aliyesifiwa bila sababu hajui alichotenda vema, na aliyeshindwa bila sababu hajui alichokosa. Wote wawili watarudi mwaka wa pili na kamera zao, wakiwa pale pale walipoachwa.

Baina ya sifa na kimya kuna jibu la tatu, nalo ndilo listahililo kupingwa kwa nguvu zaidi, maana limevaa joho la elimu. Ni jibu la watu wa kanuni. Huichukua picha wakaipima kama seremala apimavyo ubao: mstari wa upeo wa macho usipite katikati, picha igawanywe mafungu matatu, na kitu kikuu kikae penye theluthi, mkono wa mtu usikatwe ukingoni. Kanuni hizi si uongo, na mwanafunzi hana budi kuzijua. Walakini wasomaji wa Kiswahili wamekwisha jifunza katika ushairi mpaka wa kanuni za namna hii. Sheikh Kaluta Amri Abedi alipotoa kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi mwaka 1954, aliwapa watungaji vipimo vilivyo wazi, na vipimo hivyo vimewafaa wengi. Hata hivyo, ni nani asiyepata kuona utungo uliotimiza vina na mizani yote, nao hauna neno ndani yake? Sheria humwambia mtunzi kama amekosea hesabu. Haimwambii kama asema kweli.

Mashindano yenye mada hudai kweli kwanza. Mshindani hakuitwa aonyeshe ufundi wa mwanga peke yake. Ameambiwa alete picha ya jambo fulani. Basi swali la mwanzo la mhakiki ni hili: kitu hiki ni nini, na kina uhusiano gani na jambo lililotajwa? Rula haijibu swali hilo. Hujibiwa na mtu akijuaye kitu chenyewe.

Na itazamwe Lipingo, kijiji cha ufukwe wa Ziwa Nyasa katika Mkoa wa Ruvuma, upande uliokuwa wa Wilaya ya Mbinga kabla Wilaya ya Nyasa haijaundwa. Milima iko mashariki na ziwa liko magharibi, kwa hiyo jua huchwea majini, na mgeni mwenye kamera huondoka na picha ya mtumbwi mweusi juu ya maji mekundu. Picha hiyo hukubaliwa na kanuni zote. Ingeweza kupigwa katika ufukwe wowote duniani unaoelekea magharibi.

Lakini ziwa hilo lina ajabu yake. Siku nyingine huinuka juu ya maji nguzo za rangi ya moshi, ndefu, zikiyumba na upepo. Si moshi, wala si wingu, wala si mvua iliyo mbali. Ni wadudu wadogo waitwao kungu, mamilioni kwa mamilioni, ambao mabuu yao huishi ziwani, yakizama kilindini mchana na kupanda juu usiku. David Livingstone, alipolipitia ziwa hilo mwaka 1861, aliyafananisha makundi hayo na moshi wa nyasi ziunguazo. Katika sehemu kadha za ziwa watu huwakusanya, wakawaponda na kuwafanya mikate. Hata jina lao liko karibu na neno ukungu, kana kwamba aliyewapa jina aliona mapema jinsi macho yatakavyodanganyika.

Mwaka 2023 mashindano ya picha yaitwayo Wiki Loves Africa, yaliyoanza mwaka 2014 kwa mada ya mapishi, yalitaka picha za hali ya hewa na tabianchi. Na ichukuliwe kwamba kijana wa Lipingo, kwa mashindano kama hayo, ameipiga picha ya nguzo ya kungu na chini yake ameandika: mvua yakaribia Ziwa Nyasa. Rafiki zake watasema ni nzuri sana. Mtu wa kanuni atashauri nguzo isogezwe kidogo kulia, na maji yapunguzwe chini. Mwamuzi aliye mbali, asiyepata kumwona kungu hata mmoja, yamkini ataipa alama nyingi. Sasa kijana amwonyeshe mvuvi mzee. “Mjukuu wangu, hiyo si mvua,” mzee atasema. “Hao ni kungu. Uliwapiga lini, mwezi ulikuwa na siku ngapi? Na mtumbwi ule, unakwenda au unarudi?”

Katika majibu yote, la mzee ndilo kali kuliko mengine, kwa sababu laiondoa picha katika mada na kumnyima kijana zawadi aliyokwisha ihesabu. Wasemao kwamba kumsikiliza mtu wa mahali ni kutafuta upendeleo na walitafakari hilo. Na hasara ya kumpuuza haimwangukii kijana pekee. Picha za mashindano hayo huwekwa katika hazina ya Wikimedia Commons kwa ruhusa huru, mtu yeyote apate kuzitumia, na nyingi huingia katika kurasa za Wikipedia. Mwanafunzi wa jiografia aliye Nairobi au Muscat atajifunza kwamba mvua ya Nyasa ina sura ile. Waamuzi wakikosea katika zawadi, kosa hudumu mwaka mmoja. Maelezo ya uongo chini ya picha hunakiliwa na watu ambao hawatasikia kamwe habari za mashindano.

Mambo haya hayakuanzia Afrika. Mwaka 2009 mashindano makubwa ya picha za wanyama yafanyikayo London yalimpa José Luis Rodríguez wa Hispania ushindi wa kwanza kwa picha ya mbwamwitu arukaye lango usiku. Kwa kanuni za ufundi haikuwa na ila. Wapiga picha wenzake wa Hispania ndio waliotilia shaka, wakisema mnyama yule wamjua, ni wa hifadhi moja karibu na Madrid, naye amezoeshwa watu. Januari 2010 waamuzi walikubali kwamba yamkini alikuwa mnyama wa kufugwa, jambo lililokatazwa na masharti, wakaufuta ushindi, ingawa mpiga picha mwenyewe alikana. Jopo zima la mabingwa liliitazama picha na kuiona safi. Waliokuwa karibu na mnyama waliona tofauti.

Wako wasemao kwamba picha yapasa isimame yenyewe, bila mtu wa kuisemea. Hoja hii yafaa pale mashindano yasipokuwa na mada. Yenye mada tayari yameifunga picha na neno, na neno hilo lazima lipimwe. Wengine husema wanakijiji hawajui sanaa, hivyo watasifu tu. Mwaka 2017 mada ya mashindano yaliyotajwa ilikuwa watu kazini. Mama anayeanika usipa, akionyeshwa picha aliyoambiwa asimame akitazama ziwa kwa huzuni huku samaki wakiwa nyuma yake, hatahitaji elimu ya sanaa ili aseme kwamba kazi ile haifanywi hivyo, kwamba mwenye kuanika huinama akageuza, na macho yake yako kwa kunguru. Kauli hiyo moja yampa mpiga picha kazi ya wiki nzima. Kauli ya theluthi yampa kazi ya dakika mbili.

Tena kukosoana hadharani si jambo geni kwa watu wa Kiswahili. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923, lilikuwa uwanja ambapo washairi walijibizana, na mtunzi alipoteleza alijibiwa kwa shairi lenye sababu zake. Aliyejibiwa alipata heshima ya kusomwa sawasawa. Mpiga picha wa leo hunyimwa heshima hiyo na waamuzi wanaodai kwamba picha ni nyingi na muda ni mchache. Sentensi tatu zingetosha: tuliona nini, tuliielewaje mada, shaka yetu iliingilia wapi. Asiyeweza kuziandika sentensi hizo kuhusu picha aliyoikataa, huenda hakuitazama.

Hata hivyo mshindani naye ana deni lake. Hapaswi kungoja barua ya waamuzi ndipo aanze kuuliza. Pale Lipingo haimgharimu nauli: mzee yupo mchangani akishona wavu, na kioo cha simu, akikikinga na jua kwa kiganja, akiona vema.