Wi-Fi ya Ploti Ikilegea, Usimfukuze Mwenye Simu ya Zamani

Ukipanga Nyanchwa hapa Kisii, huenda Wi-Fi imo ndani ya kodi: ruta moja, wapangaji kumi na watano, simu za kila rika. Jioni unafungua apu ulipe deni la dukani, unaweka nambari ya siri, halafu kiduara kinazunguka tu. Lawama zinaanza: "Ni simu kuukuu ya yule wa chumba cha mwisho!"

Maoni yetu ni haya: simu ya zamani kweli inaweza kupunguza kasi ya kila mtu. Lakini kumfungia mwenyewe si dawa. Dawa iko kwenye ruta.

Kwa nini simu moja icheleweshe wote?

Vifaa vya Wi-Fi hupokezana hewa. Kimoja kikituma, vingine hungoja. Ni kama foleni ya maji: kila mtu anajaza mtungi mmoja, lakini mwenye mpira mwembamba atakalia bomba muda mrefu. Wi-Fi ya mwaka 1999, iitwayo 802.11b, inaishia megabiti 11 kwa sekunde, 802.11g ya 2003 ilifika 54. Data ileile ikitumwa kwa 6 badala ya 54, inashika hewa takriban mara 9 zaidi. Tena kifaa cha 802.11b kikiwepo, vifaa vipya hutanguliza tangazo la polepole ili kile cha zamani kijue hewa imeshikwa.

Lakini tuseme ukweli wote. Hata simu ya juzi, ikiwa mbali nyuma ya kuta mbili za mawe, hushusha kasi ili isikike. Anayechelewesha ploti anaweza kuwa wewe.

Mwenye ploti, anza hapa

Usikimbilie kifurushi cha bei kubwa. Hicho hupanua njia ya kuingia kwenye jengo, si hewa iliyo kati ya ruta na simu. Mwambie fundi awashe masafa ya 5 GHz kwa simu mpya, na za zamani zibaki 2.4 GHz. Kama hakuna kifaa kinachotegemea 802.11b, aizime. Ruta nayo iwekwe juu, katikati ya jengo, kwa sababu 5 GHz haipenyi kuta vizuri.

Nawe, linda pesa yako

Hasara kubwa hapa ni kulipa mara mbili. Kiduara kikizunguka, haimaanishi malipo yamekataa. Ombi linaweza kuwa limefika, jibu ndilo limekwama.

- Usibonyeze "Lipa" tena. Ngoja SMS, kisha angalia salio na orodha ya miamala.
- Zima Wi-Fi utumie data, au utumie menyu ya laini, ambayo haipiti kwenye Wi-Fi.
- Usimpe mtu nambari yako ya siri eti akulipie kwa simu yake yenye kasi.

Mwanafunzi anayetumia simu aliyoachiwa na kakake hana nyingine. Hiyo ndiyo benki yake: humo hupokea pesa za matumizi kutoka nyumbani, humo hulipa chakula. Kumtoa kwenye Wi-Fi anayoilipia kwa kodi, ilhali fundi anaweza kurekebisha ruta, si haki. Wapangaji, muulizeni mwenye ploti swali hilo kabla ya kumnyooshea jirani kidole.