Mdharau Mwiba: Kero Ndogo za Kompyuta Inayojifunza Kiswahili

Wahenga walisema mdharau mwiba mguu huota tende. Sisi wa nyanda za kati, tuliokulia katika mbuga za migunga, hatuhitaji kufasiriwa methali hiyo. Mwiba ninaotaka kuujadili leo, hata hivyo, hauko njiani bali mezani: ni zile kero ndogo ndogo zinazomkuta mtu anapotumia, kwa Kiswahili, mfumo endeshi wa kompyuta ulio bado katika majaribio. Hoja yangu ni moja. Kero hizo, ambazo mafundi huzipanga mwisho wa orodha ya kazi zao, kwa sehemu kubwa ni makosa ya lugha; na anayeweza kuyatambua si fundi, bali ni mshairi na mwalimu wa lugha. Tukinyamaza wakati wa majaribio, tutayakuta yamekwisha kuwa Kiswahili cha kila mtu.

Kwa msomaji asiyeuzoea msamiati huu, mfumo endeshi ni ile programu kuu inayoiamsha mashine, inayofungua madirisha, inayotunza mafaili na inayosema na mtumiaji. Toleo lake la majaribio halina tofauti na shairi ambalo mtunzi amelimaliza lakini hajalipeleka mtamboni: huwasomea kwanza wenzake, wamwambie ni wapi kina kimepwaya na ni wapi mizani imezidi. Likishachapwa, lawama hazifuti kitu.

Kwa miezi kadhaa nimekuwa nikitumia toleo moja la namna hiyo, ambalo sitalitaja jina, katika kuandika mashairi na kupanga maelezo ya masomo. Nimekusanya kero nne zinazotuhusu sisi hasa.

Ya kwanza ni ya herufi moja. Mshairi wa Kiswahili hawezi kuishi bila kitenzi kishirikishi "i". Huandika "nyumba i wazi" au "njia i mbali" ili kuokoa mizani. Mashine, kila ionapo "i" imesimama peke yake, huipandisha kuwa herufi kubwa, kwa kuwa katika Kiingereza herufi hiyo ni nafsi ya kwanza na huandikwa hivyo daima. Mimi naandika nyumba i wazi, yenyewe inasoma kwamba nyumba imeanza kujitaja! Nikirekebisha mara kumi, hurudia mara kumi na moja.

Ya pili ni ya ng'ombe. Katika nchi ya Wagogo, ambako mali, mahari na heshima vimepimwa kwa ng'ombe tangu enzi, neno hili haliwezi kuwa la pembeni. Lakini mfumo huo huikuta alama ya ritifaa katikati ya neno na kudhani kwamba neno limekwisha. Ukitaka kulifuta kwa pigo moja, hufuta "ombe" na kukuachia kichwa. Katika kibodi ya kwenye skrini, alama yenyewe imefichwa nyuma ya ukurasa wa tarakimu. Matokeo yake vijana wanaandika "ngombe" na "ngara", na hawaoni dhambi. Wasiojali na wakumbuke kwamba "ng'oa" ni kuchomoa kitu na mizizi yake, ilhali "ngoa" ni wivu na tamaa. Alama ndogo hiyo ndiyo inayotenga mkulima na mwenye husuda.

Ya tatu ni upatanisho wa kisarufi. Waundaji wa programu huandika sentensi moja yenye pengo, kisha mashine hujaza pengo hilo kwa jina lolote. Kwa Kiingereza sentensi hiyo hupita, kwa kuwa kitenzi chake hakijali kama kilichofungwa ni dirisha au kitabu. Kwetu kitenzi hubeba ngeli ya mtenda. Ndiyo maana tunasoma "Dirisha imefungwa", "Kitabu imefungwa" na "Madirisha 3 imefungwa". Mwanafunzi wa kidato cha kwanza angekatwa alama kwa sentensi hizo, lakini mashine huzirudia mbele yake kutwa nzima, bila kukatwa chochote. Sijui mwalimu gani anaweza kushindana na mwalimu wa namna hiyo.

Hata hivyo dawa ipo, tena imo ndani ya lugha yenyewe. Mfanye mtumiaji awe mtenda, na ngeli ya kitu haitasumbua tena: "Umefunga dirisha", "Umefunga kitabu", "Umefunga madirisha 3". Kiambishi cha nafsi hakibadiliki, pengo linajazwa kwa usalama, na sentensi inasomeka kama Kiswahili. Fundi asiyejua ngeli hawezi kuigundua njia hiyo. Anayeijua asipomwambia, kosa si la fundi peke yake.

Ya nne ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Mfumo huo, unapofunga faili, huuliza: "Hutaki kuhifadhi mabadiliko?" Chini yake pana vitufe viwili, "Ndiyo" na "Hapana". Mswahili akiulizwa swali la kukanusha, hukubali au hukataa kauli nzima ya muulizaji. Asiyetaka hujibu "Ndiyo, sitaki". Anayetaka hujibu "Hapana, nataka". Mashine imerithi desturi ya Kiingereza, ambako jibu hufuata kitendo: kwake "Hapana" maana yake usihifadhi. Mwalimu mwenzangu mstaafu, aliyekuwa ameandika utenzi kwa wiki nyingi, alijibu swali hilo kama alivyofunzwa na mama yake. Alibonyeza "Hapana". Beti zote alizoziandika siku hiyo, zaidi ya thelathini, zikapotea. Nyingine amezikumbuka, nyingine hazikurudi. Huyo hakukosea Kiswahili. Aliyemuuliza ndiye aliyekosea. Vitufe vingeandikwa "Hifadhi" na "Usihifadhi", utenzi ungekuwa salama.

Najua watakaosema kwamba mwenye kukereka na atumie Kiingereza. Jibu langu ni kwamba wenzetu walikwisha kuifanya kazi nzito zaidi ya hii. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zinazozungumza Kiswahili. Tangu siku hizo maneno yameingia mitaani. Mama wa sokoni, aliyezoea kupakua ubwabwa chunguni, leo hupakua picha. Na "ghairi", neno ambalo vijana wengi wangelikuta kwenye diwani tu, sasa wanalibonyeza kila siku kwenye simu. Ikiwa msamiati umewezekana, sarufi haiwezi kushindikana.

Tufanye nini basi? Si lazima mtu awe fundi. Mifumo mingine, kama Ubuntu, hutolewa kila Aprili na Oktoba, na wiki chache kabla ya hapo toleo la majaribio huwekwa wazi kwa yeyote, bure, na hitilafu hupokelewa kutoka kwa yeyote. Atakayejaribu aweke mfumo huo kwenye mashine isiyobeba kazi yake ya pekee. Kisha aandike mambo manne: nilikuwa wapi, nilifanya nini, nilitarajia nini, na kilitokea nini. Aongeze la tano, ambalo mafundi hulihitaji kuliko yote: sentensi sahihi ya kuweka mahali pa ile mbovu. "Kiswahili chenu kibaya" ni lawama isiyomsaidia mtu. "Badala ya swali la kukanusha, wekeni vitufe vya Hifadhi na Usihifadhi" ni kazi iliyokwisha kufanyika nusu.

Vikundi vyetu vya ushairi hukutana kupima vina na mizani. Napendekeza kila kikutanapo kitenge nusu saa ya kupima sentensi za mashine. Malenga anayesikia upungufu wa mizani moja katika mshororo wa kumi na sita hashindwi kusikia kwamba "kitabu imefungwa" ni kilio cha lugha. Samaki hukunjwa angali mbichi, na mfumo wa majaribio ndio ubichi wenyewe. Mimi orodha yangu ya kero nne, pamoja na sentensi mbadala zake, nimekwisha kuituma. Naomba nawe utume yako kabla toleo rasmi halijatoka.