Kuacha Gazeti si Kuusaliti Mji

Liko neno lisemwalo sana katika vibaraza vya Mombasa, na hata huku kwetu ng'ambo ya Makupa, kutoka Changamwe mpaka Mikindani, ya kuwa mtu aliyekuwa mwandishi wa gazeti la mji wake, akaipenda kazi yake na watu wakampenda kwa ajili yake, kisha akaiacha akashika kazi nyingine, amewasaliti wenzake. Wasemao hivyo aghalabu ni watu wema, wazee waliozoea kulisoma jina lake kila juma, na lawama yao ina mapenzi ndani yake. Walakini neno lenyewe si la haki, nami nalipinga. Nalipinga mbele yenu, wanafunzi, kwa sababu wako miongoni mwenu wenye kalamu nzuri ambao siku moja watapewa meza katika chumba cha gazeti, na siku nyingine watasimama mlangoni wakijiuliza kama wana ruhusa ya kutoka.

Sikatai kwamba kazi hiyo hupendwa. Niliifanya katika gazeti dogo la pwani kabla ya kwenda chuo cha ualimu, na mpaka leo sijapata kuona kazi imfanyayo kijana kuwa mwenyeji wa mji wake upesi kuliko ile. Gazeti kubwa la Nairobi huleta habari za Bunge na za mataifa. Halina nafasi ya kueleza kwa nini mifereji ya mtaa fulani imekauka juma zima na huku magari ya kuuza maji yapita kila saa, wala nani aliyewauzia watu wawili kiwanja kimoja, wala kwa nini shule yenye madarasa manane ina walimu watatu. Gazeti dogo ndilo liulizalo hayo. Mwandishi wake huketi katika mikutano ya wadi mpaka adhana ya magharibi, hupanda matatu moja na wale aliowaandika, na akizidisha kina cha kisima kwa pima moja husahihishwa na akina mama papo hapo penye ndoo. Mtu asomwaye na watu wamjuao hawezi kuandika ovyo, na baada ya miaka michache kusahihishwa huko humwingia katika damu.

Basi mapenzi hayo ni ya kweli. Ubaya ni kwamba wenye magazeti wanayajua, na wamejifunza kuyahesabu kuwa sehemu ya mshahara. Waandishi wengi wa miji midogo hawana ajira ya kudumu. Hulipwa kwa kila habari iliyochapwa. Isiyochapwa haina malipo, hata kama nauli ya kuifuata imekwisha kutoka mfukoni mwao, na malipo ya ile iliyochapwa nayo huja kwa kuchelewa. Mwenye gazeti nililoliandikia, ambaye simtaji maana wenzake ni wengi, alikuwa na jibu moja kwa kila aliyedai fedha za miezi mitatu: "Wewe waipenda kazi hii, mwanangu, subiri." Iangalieni hila iliyomo katika maneno hayo. Hakuna mwenye ghala amwambiaye hamali asubiri ujira wake kwa kuwa hupenda kubeba magunia.

Na huyo asubiriye hula nini? Hapa ndipo ulipo moyo wa jambo lenyewe, na ndipo wenye kulaumu wasipotaka kutazama. Mikutano mingi ya wakubwa ikiisha, waandishi huitwa kando wakagawiwa bahasha. Huitwa nauli, au chai, ili isiitwe kwa jina lake. Mwandishi alipwaye vizuri aweza kuikataa bila kufikiri. Yule ambaye mwanawe amerudishwa nyumbani kwa ajili ya karo huikataa mara ya kwanza, huikataa mara ya pili, na mara ya tatu huitazama. Akiipokea, habari ya kiwanja kilichouzwa mara mbili haitaandikwa kesho, wala msomaji hatajua kwamba pana neno lililokosekana. Jina lake litaendelea kuonekana kila juma, na wazee wa kibarazani watamsifu kwa kudumu kwake. Mimi nasema huyo ndiye aliyeliacha gazeti, ingawa hajainuka kitini. Yule aliyeona mkono wake waanza kuizoea bahasha, akakusanya karatasi zake akaenda kutafuta riziki mahali pengine, amewatendea wasomaji wake uaminifu wa mwisho aliokuwa nao.

Tena lawama hii haitolewi kwa watu wote. Mtambo wa kusafisha mafuta wa Changamwe ulifunguliwa mwaka 1963 ukalisha jamaa nyingi za mitaa hii. Ulipoacha kusafisha mafuta mwaka 2013, mafundi wake walitafuta kazi nyingine, na hakuna aliyewaambia kwamba wamelisaliti bomba. Reli mpya ilipoanza kuchukua makasha ya mizigo kutoka bandarini kwenda Nairobi mwaka 2018, madereva wa malori walipungukiwa na safari. Aliyeuza lori lake akafungua duka aliitwa mwenye akili. Mwandishi, na pengine mwalimu na muuguzi, ndio watakiwao kushiba sifa.

Wasiokubali na waitazame historia ya magazeti katika mji huu huu. Mwaka 1902 A. M. Jeevanjee alianzisha hapa Mombasa gazeti liitwalo African Standard. Mwaka 1905 aliliuza, likageuzwa jina kuwa East African Standard, na mwaka 1910 likahamia Nairobi, maana serikali na biashara vilikuwa vimekwisha kuelekea huko. Gazeti lenyewe liliuacha mji wake wa kuzaliwa kwa kufuata faida! Sijapata kusikia mzee yeyote wa Mombasa akilinunia kwa hilo.

Mfano ulio mkubwa zaidi ni wa Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui. Mwaka 1930 alianza kutoa karatasi ndogo ya Kiswahili iliyoitwa Sahifa, na mwaka 1932 akaanzisha gazeti la Al-Islah. Humo aliwahimiza Waislamu wa pwani kusoma, kuitunza dini na lugha yao, na kuacha kuiga mambo ya wageni kwa upofu. Aliwakemea watu wa mji wake kwa ukali ambao ni mtu awapendaye tu aweza kuutumia. Mwaka uo huo wa 1932 aliwekwa kuwa Kadhi wa Mombasa, na mwaka 1937 akawa Kadhi Mkuu wa Kenya, cheo alichokuwa nacho mpaka kufa kwake mwaka 1947. Gazeti lake halikuishi miaka mingi. Je, tumwite msaliti? Kazi ya kuwaongoza watu aliyokuwa akiifanya kwa kalamu aliifanya tangu hapo kwa hukumu na kwa mafundisho. Wala maneno ya gazeti hayakupotea: mwaka 1944, akiwa Kadhi Mkuu, makala za Sahifa zilikusanywa zikatolewa kuwa kitabu kiitwacho Uwongozi, na kitabu hicho kingali kikisomwa na wanazuoni. Karatasi iliyotolewa ili isomwe siku chache imeishi miaka zaidi ya tisini, na mwenyewe alikuwa amekwisha kuondoka penye meza ya mhariri.

Yuko pia Francis Khamisi, aliyekuwa mhariri wa Baraza, gazeti la Kiswahili lililoanzishwa Nairobi mwaka 1939. Aliingia katika siasa, akawa katibu wa chama cha Kenya African Union kilipoundwa mwaka 1944, na mwaka 1958 Waafrika wa Mombasa wakamchagua kuwa mjumbe wao katika Baraza la Kutunga Sheria. Waliompigia kura hawakumwuliza kwa nini hakubaki kuhariri. Na kwa jirani zetu wa Tanganyika, Julius Nyerere alipotakiwa mwaka 1955 kuchagua kati ya ualimu na siasa, aliiacha shule ya Pugu. Lakini watu walimwita Mwalimu mpaka alipokufa mwaka 1999.

Najua nitakavyojibiwa. Nitaambiwa: hao walikuwa watu wakubwa, nao walitoka wakaenda penye makubwa, wewe umetoka gazetini ukaja kusahihisha insha Mikindani, na mkutano wa wadi sasa hauna mtu wa kuuandika. Sehemu ya pili ya jibu hili ni nzito, wala siipuuzi. Mtaa usio na mwandishi huibiwa mchana. Nimeyaona maamuzi juu ya barabara na maji yakipitishwa mbele ya viti vitupu, na yalinichoma. Lakini deni hilo si la mwandishi peke yake. Nakala moja ya gazeti letu ilisomwa na kibaraza kizima, kisha ikapelekwa kwa kinyozi ikasomwa na wanyolewao, na jioni ikafungia mbaazi. Siku hizi hata nakala hiyo moja hainunuliwi. Kurasa hupigwa picha zikatumwa kutoka simu hadi simu bila malipo. Mji uliopenda kusomewa bure umepata ulichokilipia.

Mzee mmoja wa mtaa wetu, ambaye namheshimu kama baba yangu, alipata kunishika mkono njiani akasema, "Mwalimu, ulitutupa." Nilimwamkia, kisha nikamwuliza kwa adabu ni lini aliponunua nakala yake ya mwisho. Alifikiri sana. Akasema gazeti alikuwa akisomewa na jirani yake, na jirani akiliazima kwa muuza kahawa. Bei ya nakala ile ilikuwa sawa na chai na mahamri mawili, navyo alikuwa akivinunua kila asubuhi.

Siwakatazi kuingia katika kazi hiyo. Kila juma wanafunzi wangu huleta habari moja ya mtaa wao, yenye jina la mahali, saa na kipimo, na wako wawili watatu ambao ningefurahi kulisoma jina lao gazetini. Mmoja wao amenijia kutaka ushauri. Nimemwambia kwamba siku atakayoitwa na mhariri, kabla ya kuketi, aulize malipo hutolewa tarehe gani, nani alipaye nauli, habari isiyochapwa ina thamani gani, na mwandishi aliyemtangulia katika kiti kile aliondoka kwa sababu gani. Na jibu la maswali matatu ya kwanza alipate kwa maandishi, lenye tarehe na sahihi.