Kosa si la Ngome

Wanachama wenzangu, wapo wanaodai ati ngome za kale zilikuwa kazi bure. Mimi sikubali hata kidogo. Itazameni Douaumont, kule Ufaransa, juu ya kilima karibu na mji wa Verdun. Wafaransa walianza kuijenga mwaka wa 1885, kwani walikuwa wameshindwa na Wajerumani katika vita vya 1870-71, nao hawakutaka kushtukizwa tena.

Mwaka wa 1914 makombora ya Wajerumani yalivunja ngome za Ubelgiji. Majenerali wa Ufaransa wakagwaya. Mwaka uliofuata wakaondoa askari na mizinga mingi Douaumont. Basi tarehe 25 Februari 1916 Wajerumani wachache tu wakajiingilia ndani, karibu bila risasi kulia. Walinzi waliowakuta hawakufika hata sitini! Kuirudisha kulichukua miezi minane na maelfu ya roho.

Sasa jamani, tumlaumu mwashi? Ngome jirani ya Vaux ilikuwa ndogo zaidi, lakini ilikuwa na watu. Kamanda Raynal na askari wake walipigana ndani kwa ndani, gizani, hadi tarehe 7 Juni 1916. Kilichowatoa ni kiu. Maji yalikuwa yamekwisha.