Kukauka Si Kukomaa: Toa Gari Lako Kwa Zege Letu

Leo mtanichukia lakini lazima niseme. Watu wa mainland, tunaliua zege letu wenyewe halafu tunamlaumu fundi.

Kichochoro chetu hapa Likoni kilikuwa matope tupu mvua ikinyesha, hata tuktuk haziingii. Tukachanga nyumba kwa nyumba. Mama wa mahamri akatoa, vijana wa boda wakatoa. Zege likamwagwa Ijumaa. Jumapili asubuhi lori la maji likapita juu yake. Lita 10,000, yaani tani 10 za maji peke yake, lori lenyewe bado hujalihesabu. Sasa hivi kuna nyufa mbili ndefu na shimo pale kwa kona. Dereva alisema nini? "Si limeshakauka?"

Hapo ndipo shida iko. Zege halikomai kwa kukauka. Simiti inashikana na maji, na kule kushikana ndiko kunaleta nguvu. Ndio maana nguzo za madaraja zinaweza kumwagwa chini ya maji na zikashika fiti. Maji yakiisha mapema, kazi inasimama pale pale. Na jua letu la Januari, na ule upepo wa kaskazi, uso wa zege unakauka kabla mafundi hawajaosha koleo.

Soma gunia la simiti. Limeandikwa 32.5 au 42.5. Hiyo namba ni nguvu inayopimwa siku ya 28. Sio siku ya pili! Ukimwagilia vizuri, siku ya 7 una kama thuluthi mbili tu ya nguvu utakayopata siku ya 28. Kwa hivyo hesabu ni hii: gari dogo na tuktuk, ngoja siku 7. Lori, ngoja siku 28. Hakuna kubembelezana.

Najua mtasema, "Mbona ng'ambo barabara inafunguliwa siku moja?" Ndio, kwa zege maalum lililochanganywa kwa kazi hiyo, na likapimwa kabla gari halijaingia. Letu limekorogwa kwa koleo, maji kwa kukisia.

Mwingine atasema, "Maji tunanunua kwa mkokoteni, tutamwagilia na nini?" Hiyo naikubali, hata kwetu mfereji hukauka wiki nzima. Lakini ukilifunika zege kwa magunia yaliyolowa, halafu nailoni juu, maji hayapotei ovyo. Yaangalie asubuhi na jioni, yakianza kukauka unayalowesha tena. Ila kama ndani mna vyuma, maji ya kisima cha chumvi sahau, chumvi inakula chuma. Na mitungi michache ya lita 20 haiwezi kukugharimu kama kuchanga upya na kumwaga zege mara ya pili.

"Sasa gari nitaliweka wapi?" Liache barabara kubwa, utembee. Una miguu.

Wiki ijayo tunachanga tena kuziba lile shimo. Safari hii tutaweka mawe na kamba pale mwanzo wa kichochoro, na mimi mwenyewe nitakaa hapo na kiti. Matope tumeyavumilia miaka yote hiyo, siku 7 ndizo zitatushinda?

Mtumie hii mwenye lori mtaani kwenu.