Mikono ya Mwuguzi

Ni desturi katika viwanda vya chai vya Kericho na Bomet kwamba mfanyakazi hunawa mikono kabla ya kushika chai iliyokaushwa. Chai hiyo itatiwa katika maji ya moto kabla ya kunywewa, na hata hivyo inalindwa. Jeraha la mgonjwa halichemshwi. Basi lastahili kulindwa zaidi.

Jambo hili lilithibitishwa zamani. Mwaka 1847, katika hospitali kuu ya Vienna, nchi ya Austria, Daktari Ignaz Semmelweis aliona kwamba wanawake waliozalishwa na madaktari walikufa kwa homa ya uzazi kuliko wale waliozalishwa na wakunga. Madaktari hao walikuwa wakitoka kupasua maiti. Mwezi wa Aprili walikufa akina mama 18 hivi katika kila 100. Mwezi wa Mei aliamuru kila mtu anawe kwa maji yenye klorini, na kufika Julai hesabu ilikuwa imeshuka hata 1 hivi katika 100.

Siku hizi hakuna mwuguzi asiyejua habari hii. Lakini kujua si kutenda. Wachunguzi wa nchi nyingi wameona kwamba watumishi wa hospitali hunawa zaidi baada ya kumgusa mgonjwa kuliko kabla ya kumgusa. Maana yake, hujilinda wenyewe kwanza. Wengine huvaa glavu wakadhani zatosha, kumbe glavu hazishiki mahali pa kunawa.

Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilieleza nyakati tano za kunawa: kabla ya kumgusa mgonjwa, kabla ya kazi itakayo usafi, kama kufunga kidonda, baada ya kupatwa na damu au uchafu wa mwili, baada ya kumgusa mgonjwa, na baada ya kugusa vitu vilivyo karibu naye. Sabuni na maji hutaka sekunde 40 hadi 60. Dawa ya spiriti, 20 hadi 30.

Mafunzo husaidia, lakini somo la siku moja husahauliwa upesi ikiwa bomba li mbali na sabuni imekwisha. Lidumulo ni somo linalorudiwa, pamoja na dawa iliyo karibu na kitanda, na mkubwa wa wodi atanguliaye kunawa. Wanafunzi wa uuguzi, wawe Tenwek au Kericho, huiga watendayo wakubwa wao kuliko wasemayo.

Mama aliyelazwa na mtoto mchanga naye asione haya kuuliza kwa adabu, "Sista, samahani, umeshanawa?" Mwuguzi mwema hatachukia, ataliendea bomba.